Mdogo wangu saivi anapanda daladala mwenyewe: mwaka na miezi mitatu kwenye kituo cha kutwa Nyakato

Naandika hii kwa ajili ya wale wanaoniuliza kila siku pale Mwaloni, soko letu la dagaa hapa Mwanza, "hivi yule mdogo wako siku hizi unamwacha wapi, mbona hatumuoni juu ya magunia?" Yuko kituoni. Ni kituo cha kutwa, asubuhi anaenda jioni anarudi, wanapokea watu wenye ulemavu wa akili kuanzia miaka 14 kwenda juu, kipo maeneo ya Nyakato. Jina siandiki kwasababu kuna mambo humu nitayasema siyo mazuri na sitaki ionekane nawachomea, anayetaka kweli kweli anajua pa kunipata, nitamwelekeza.

Kwanza mjue tulipotoka. Mdogo wangu ana miaka 25, ana Down, ile ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Hailetwi na jicho la mtu wala chakula alichokula mama, nimeshawaambia mashangazi mpaka nimechoka, kinachojulikana ni kwamba mama akipata mtoto umri umeenda uwezekano unakuwa mkubwa zaidi, na mama yetu alimpata akiwa na 41. Basi. Alisoma kitengo cha elimu maalumu kwenye shule ya msingi ya serikali karibu na nyumbani, akajifunza kuandika jina lake, kuhesabu mpaka ishirini (kumi na tatu anairuka, mpaka leo), akafika miaka 17 wakampa cheti na soda wakaniambia hongera amemaliza. Amemaliza nini sasa? Elimu bila ada ipo tangu 2016, sikatai, lakini form one ya mdogo wangu iko wapi. Akarudi nyumbani na mimi nauza dagaa, natoka Kirumba hapa hapa kushuka Mwaloni saa kumi na moja alfajiri, mama yuko Magu magoti hayawezi tena. Miaka sita nimekaa naye juu ya magunia ya dagaa. Mvua magunia, jua magunia. Watu wa Mwaloni ni wazuri, wanampa karanga, wanamtania, lakini wapo pia wanaomtuma tuma kama mbwa na wapo vijana wanaomfundisha matusi ili wacheke, na mimi niko kwenye mzani sioni. Alinenepa, akaanza kulala mchana kutwa. Hapo ndo nikasema hapana.

Kituo nilielekezwa na dada mmoja wa ustawi wa jamii kwenye kata, nilikwenda kwake kwa jambo lingine kabisa akamwona mdogo wangu amekaa kwenye benchi akaniuliza huyu anashinda wapi. Sasa ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetafuta huduma hizi, usikubali kuonyeshwa kituo siku ya sherehe. Mi nilikwenda Jumanne bila kusema, saa nne asubuhi, na nilikuwa na maswali matatu tu kichwani. La kwanza cheti cha usajili kiko wapi, na halmashauri wanawajua? Wakanionyesha, kimetundikwa ukutani ofisini pembeni ya kalenda. La pili dawa. Kuna watu pale wana kifafa, hii inaendana sana na ulemavu wa akili, wengi wanayo yote mawili, kwahiyo nikauliza dawa za mchana anatoa nani. Kabati lina kufuli, kuna daftari, mlezi anaandika jina na saa na sahihi. Poa. La tatu ndo zito, nikauliza chooni anapelekwa na nani, na hawa wasichana wakiwa kwenye siku zao nani anawabadilisha. Mwalimu (ndo tunavyomwita mama anayesimamia, ni mwalimu mstaafu wa kitengo) hakushangaa hata kidogo, akasema mwanamke kwa wanawake mwanaume kwa wanaume, mlango haufungwi kwa ndani, na hakuna mlezi anayetoka na mtu mmoja nje ya geti bila mwenzake kujua. Kituo cha kwanza nilichokwenda kabla ya hapo, sehemu nyingine kabisa ya mji, nilipouliza swali hilo hilo mhusika aliniangalia kama nimemtukana. Nikaondoka. Mtu anayekasirikia hilo swali usimwachie mtu wako, hao ndugu zetu ndo wanaoonewa kirahisi kuliko wote kwasababu watu wanajua hata wakisema hawaaminiwi.

Nilivyokuwa bado nimekaa ofisini kuna kijana akaanguka uwanjani, kifafa. Nikasimama natafuta kijiko maana ndo tulivyokuzwa, mlezi akaniambia mama kaa, kijiko hakiwekwi mdomoni. Wakasogeza viti, wakamlaza ubavu, mmoja akaangalia saa tu, wakasema ikipita dakika tano tunaita bajaji hospitali. Dakika mbili na kitu ikaisha, wakamfunika kanga akalala. Hakuna aliyepiga kelele. Mi hiyo siku nililipa mwezi wa kwanza hapo hapo.

Haya wanafanya nini mchana kutwa. Uji saa tatu, usafi, bustani ya mchicha na sukuma wiki kwenye viroba, wanachoma mandazi wanauza kwa shule ya jirani, wanafungasha karanga. Mambo ya kawaida, sitawadanganya kwamba kuna maajabu. Michoro ukutani. Redio. Ijumaa ngoma. Chakula cha mchana makande makande makande, nitarudi hapo.

Lakini kitu kimoja wamekifanya sijaona sehemu nyingine na ndo sababu naandika, wamemfundisha mdogo wangu kupanda daladala.

Hebu fikiria. Kutoka Nyakato mpaka Kirumba ni gari mbili, unaingia mjini kwanza unashuka unabadilisha. Miezi ya mwanzo nilikuwa nampeleka mwenyewe halafu nakimbia kurudi sokoni nakuta mzigo mzuri umeshachukuliwa, jioni namfuata tena. Nilikuwa nakufa. Mwalimu akaniuliza, huyu hawezi kwenda mwenyewe? Nikacheka. Akasema umewahi kumjaribu? Nikanyamaza kwasababu kweli sijawahi, tangu azaliwe mtu mmoja amemshika mkono, kama siyo mama basi mimi.

Walianza na viti. Yaani walipanga viti vya plastiki uwanjani, viwili viwili na katikati njia, mlezi mmoja akawa konda amening'inia kwenye nguzo ya turubai, "twende mjini mjini mjini, kaa wanne wanne hapo nyuma", wenzake wote abiria. Unapanda, unakaa, konda anagonga bega unatoa hela, ukifika unasema shusha. Wiki tatu wanacheza hivyo. Nilipita siku moja nikamkuta mdogo wangu ndo konda, amevaa kofia nyuma mbele, anamtukana abiria. Lile tusi alitoka nalo Mwaloni, nikajifanya sijasikia. Halafu wakaenda kwenye gari la kweli, kituo kimoja tu, wakashuka wakarudi kwa miguu. Halafu vituo viwili. Halafu mpaka mjini mlezi amekaa pembeni yake, baadae mlezi amekaa siti ya nyuma kabisa anajifanya hamjui, na mwisho mlezi yuko kwenye bodaboda nyuma ya daladala. Miezi saba yote hiyo. Nauli ya mlezi nilikuwa nalipa mimi na hilo waseme mapema maana sikuambiwa mwanzo.

Hela ndo ilikuwa ngoma. Nauli ni 600, na yeye ukimpa elfu mbili anampa konda yote anasubiri asante. Kwahiyo wakashona vifuko vidogo vya kitambaa, viwili vya kwenda viwili vya kurudi, kila kimoja kina koini ya 500 na ya 100, rangi nyekundu ni gari la kwanza na ya bluu ni la pili. Anatoa kifuko kizima anampa konda. Wiki za mwanzo makonda waliondoka na vifuko, nimeshona vingine kama kumi hivi mpaka wakamzoea, saivi wanatoa koini wanamrudishia. Kushuka nako waliangalia anachokijua yeye, na mdogo wangu anajua mpira, ni timu ya Pamba damu damu, kwahiyo akiona uwanja wa CCM Kirumba ndo anapiga kelele shusha! gari zima linageuka. Siku Pamba wanacheza pale haji nyumbani moja kwa moja, namkuta getini uwanjani, nimeshakubali.

Na salamu. Anasalimia kila anayepanda, "mwangaluka", ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma, asubuhi, mchana, saa kumi na mbili jioni, wasukuma wanaojua wanamwambia sasa hivi ni mwadila bhabha, anaitikia mwangaluka. Makonda wa njia hiyo wamempa jina Mwangaluka. Zamani watu walikuwa wanahama siti akikaa. Sisemi wote wameacha. Ila juzi mzee mmoja alimsogezea mfuko wake ili akae, na mdogo wangu kanisimulia hiyo stori usiku mzima kwa mikono.

Jambo jingine la kuwapa maua yao ni masikio. Kuna mlezi pale, dada mmoja kijana, aliandika kwenye daftari (kila mtu ana daftari, linaenda nyumbani linarudi) kwamba mdogo wangu akiitwa kwa nyuma hageuki. Mi nilidhani ni ubishi, amekuwa mbishi tangu zamani. Akaandika tena wiki ijayo, akasema mpeleke masikio. Nikampeleka hospitali ya Sekou Toure, daktari akachungulia akasema masikio yote mawili yameziba nta kabisa, akanieleza kuwa watu wenye Down matundu yao ya masikio ni membamba, nta inajaa haraka, inatakiwa waangaliwe mara kwa mara. Wakamsafisha. Kutoka nje tu akasimama katikati ya njia anasikiliza bodaboda zinapita, akaziba masikio, akayaachia, akaziba tena. Nililia pale pale jamani. Hatujui amekaa hivyo muda gani, huenda hata ule usingizi wa kwenye magunia nusu yake ilikuwa ni kutosikia. Daktari huyo huyo akasema apimwe na tezi ya shingo, thairoidi, nayo inasumbua sana watu wa Down na ikipungua nguvu mtu anakuwa mzito, anasinzia, ananenepa, na ndugu wanasema mvivu. Yake ilikuwa sawa, Mungu mkubwa.

Nilimsimulia binamu yangu yuko Uingereza, anafanya kazi ya kulea watu wa aina hii huko, akacheka kwa uchungu. Akasema huko mtu mwenye ulemavu wa akili akifika miaka 14 na yuko kwenye orodha ya daktari wake wa mtaa anaitwa mara moja kila mwaka kupimwa mwili mzima, uzito, presha, macho, masikio, dawa anazotumia. Siyo kwamba wote wanaenda, ila wanaitwa. Hapa kwetu nani anamwita mdogo wangu? Na akaniambia wanakuwa na karatasi wanaiita pasipoti ya hospitali, inaandikwa vitu ambavyo daktari asipovijua atakosea. Nikaona hiyo mbona naweza, nikachukua kaunta buku nikaandika ukurasa mmoja. Akiumwa hasemi anaumwa, anakataa chai. Akiuliwa maumivu yako wapi anaonyesha tumbo hata kama ni jino. Sindano mwambie kwanza, ukimvizia hutamshika tena. Usiongee na mimi yeye yupo, ongea na yeye, taratibu, sentensi fupi. Anapenda Pamba na wali maharage. Nikapeleka kituoni, Mwalimu akaisoma mara mbili akatoa kopi, saivi wazazi wote wameambiwa waandike ya mtu wao. Ile ya kwangu wamebandika kama mfano na nimeona nilikosea kuandika "akiulizwa", nimeandika "akiuliwa", na hapa nimerudia tena, haya basi mmeelewa.

Sasa tuje kwenye lile jambo.

Mwezi wa tisa wake pale, alikuwa ameshaanza kurudi mwenyewe, mlezi anamvusha barabara anampandisha upande wa kuja mjini, ya pili anapanda mwenyewe. Siku hiyo kukawa na msiba wa mmoja wa walezi, kituo kikafunga saa sita badala ya saa tisa na nusu. Walisema walitupigia wazazi wote. Mi sikupigiwa. Kijana aliyekuwa anafunga aliona mdogo wangu ameshavaa begi yuko getini, akasema huyu si anajua njia, akamfungulia. Hakumvusha barabara. Kwahiyo mdogo wangu akasimama upande ule ule wa kituo, gari likaja, konda akaita, akapanda, akatoa kifuko chekundu, vizuri kabisa kama alivyofundishwa, gari likaenda Kisesa, njia ya kutoka mjini.

Mi niko Mwaloni napima dagaa za mteja wa Congo, kelele, simu iko kwenye kapu. Nimekuja kuitoa saa nane kasoro, missed call saba namba siijui. Kumbe ni konda wa Kisesa. Gari limefika mwisho abiria wote wameshuka huyu amekaa anasubiri uwanja wa mpira. Kumuuliza anasema mwangaluka. Wakamkuta na kadi shingoni, jina lake na namba yangu, wakapiga wee mpaka nikapokea. Walimkalisha kwa mama ntilie wakamnunulia soda na chapati, konda hakuchukua hata mia yangu, akaniambia "dada huyu kanisalimia vizuri kuliko abiria wote leo". Mungu ambariki popote alipo, sikumbuki hata sura yake, nilikuwa natetemeka tu.

Kesho yake nilikwenda kituoni sikusalimia mtu. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Na hapa ndo nataka kuwa mkweli kwa pande zote, lile kosa siyo dogo, angeweza kugongwa pale barabarani, ile ni barabara ya Musoma malori hayacheki na mtu, na kosa halikuwa la mdogo wangu hata chembe, yeye alifanya kila kitu sawa. Kosa ni la mtu mmoja kuona "huyu anajua" akasahau kuwa alichojua ni njia ikiwa vile vile kila siku, ukibadilisha kitu kimoja imekuwa njia nyingine. Nilimtoa wiki mbili. Akawa anaamka saa kumi na moja anavaa begi anakaa mlangoni. Wiki mbili nzima, begi mgongoni, sokoni nalo yuko nalo.

Siku ya kumi na nne Mwalimu alikuja mwenyewe Mwaloni, na miguu yake ile, kapita kwenye tope la samaki na viatu vya ofisini kunitafuta. Hakuleta maneno mengi. Alisema tumekosea, siyo kijana, sisi, hatukuwa na utaratibu wa siku isiyo ya kawaida. Akatoa karatasi ya utaratibu mpya, hakuna mtu anatoka kabla ya saa yake mpaka mzazi apokee simu na aseme sawa na jina lake liandikwe, asipopokea mlezi mmoja anabaki mpaka saa ya kawaida na anamsindikiza. Nilimwambia nitaona. Miezi mitano na ushee sasa wameshika, na kuna siku simu yangu ilizima chaji nikafika saa kumi na mbili na robo, nikakuta mlezi kakaa getini na mdogo wangu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Hakununa. Ndo nikaacha kuwasema.

Malalamiko madogo madogo ambayo nimeyasema kwenye kikao na naona hayabadiliki, labda yakikaa hapa.

Wanawaita wote "watoto". Watoto wetu wameshakula, watoto wetu wamelala. Mdogo wangu ana ndevu, jamani. Kuna mwanamama pale ana miaka arobaini na kitu. Wakiitwa watoto wanaletewa vitu vya watoto, katuni, madoli, nyimbo za chekechea. Afadhali hilo kuliko yale majina ya mtaani, zezeta sijui taahira, ila ni heshima tu ndogo, mwite kaka, mwite dada.

Njia. Wenyeji wa Mwanza mnajua, nyumba iko juu ya mawe. Kutoka barabarani mpaka getini ni kupanda miamba, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kuna mama anambeba binti yake mgongoni kila asubuhi, binti wa miaka 19, kwasababu kiti cha magurudumu hakipiti, kinaachwa kwenye duka la Mangi huku chini. Wanasema kodi ya nyumba za chini hawaiwezi na nawaamini, nimeona bei. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inasema wazi kuhusu majengo kufikika, sasa kama kituo chenyewe cha walemavu hakifikiki tunamwambia nani mwingine?

Na huyo binti mwenyewe, hana ulemavu wa akili. Ana mtindio wa ubongo, mikono na miguu haimtii na kuongea inamchukua muda mpaka watu wanakata tamaa, ila kichwa kiko full. Huku kwetu neno mtindio tunalibandika kwa kila mtu, wa Down mtindio, wa usonji mtindio, na matokeo yake ndo hayo, mtu mwenye akili zake timamu anakaa siku nzima anafungasha karanga na kuimba a e i o u. Mi nimecheza naye karata, kanipiga mara nne. Angetakiwa awe shule. Mwalimu anajua, anasema ametafuta nafasi, mama yake hana namna ya kumsafirisha. Sina jibu, nalisema tu.

Makande. Mara tatu kwa wiki ni mengi. Tumetoa wazo sisi wa Mwaloni tuchangie dagaa, wakasema sawa, dagaa zikaja, zikapikwa na mchanga. Zinaoshwa mara tatu maji ya vuguvugu na kichwa kinatolewa, nimewaandikia kwenye daftari la mdogo wangu, sijui kama anayepika analisoma.

Walezi wanne kwa watu ishirini na mbili, siyo wengi, na wanalipwa kidogo kwahiyo wanaondoka. Yule dada wa masikio ameshaondoka, kapata kazi gesti. Kila akiondoka mmoja mdogo wangu anamtafuta chumba kwa chumba siku kama nne hivi. Wazazi tumekaa vikao tukapiga hesabu za ile mikopo ya halmashauri, asilimia kumi, ambayo mbili kati yake ni za watu wenye ulemavu, tuanzishe kikundi cha mandazi na karanga kiwe mradi kabisa. Vikao vitatu tunabishania nani awe mweka hazina.

Ada ni elfu sitini kwa mwezi, uji na chakula ndani. Nauli ya mdogo wangu ni 2,400 kwa siku, siku ishirini na mbili inafika 52,800, yaani nalipa kama ada mbili, hili lipigieni hesabu kabla hamjampeleka mtu na kama unakaa Igoma au Buzuruga una bahati yako. Hawakusumbui ukilipa kwa mafungu. Mi mwezi ukiwa mkubwa angani dagaa hazivuliwi, taa za wavuvi hazina kazi, mzigo unakata, nilimweleza Mwalimu hilo akacheka akaniandika kwenye karatasi yake kuwa nalipa giza likirudi. Risiti wanatoa, mkumbushe tu.

Nyota? Nne. Ile ya tano wamebaki nayo wao, watajenga nayo njia.

Wanafungua saa moja na nusu. Nenda Jumanne au Jumatano, usiende Ijumaa utakuta ngoma hutaona kazi. Ukishuka barabarani uliza duka la Mangi lenye kiti cha magurudumu nje, panda na mawe kushoto, shika ukuta. Getini akikusalimia mwangaluka kijana mnene ana begi mgongoni, muitikie, hata kama ni saa tisa mchana.